Chukua Farasi: Maisha ya Kinyozi wa Dakika Tatu

Kabla sijaanza, namwomba shangazi aache kupekua kurasa. Shangazi, ni hii hii. Ile risala ya mazishi mliyoiandika wewe na kamati, yenye aya nne na neno "mpole" mara tatu, niliibeba mpaka kwa mpiga chapa kama mlivyonituma, nikarudi nayo nyumbani, nikamwachia hii. Juzi uliniambia, "Mwanangu, watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza kesi." Nikakujibu kwamba kesi nayo inazikwa. Ukadhani natania. Marehemu ni baba yangu, mimi ni mwanawe wa kwanza, na kazi ya kusoma nilipewa mimi. Basi nitasoma. Mpole hakuwa. Tukubaliane hapo tu, mengine yatakwenda yenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Septemba 1946, saa kumi na mbili asubuhi, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa tatu kutoka bombani. Alikuwa wa pili kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda, mama yake alifua nguo za watu. Dada yake, huyu shangazi niliyemsema, anasimulia kwamba siku moja, marehemu akiwa na miaka mitatu, alimpa mtoto wa jirani biskuti yake nzima. Mtoto wa watu aliponyoosha mkono kuipokea, marehemu akamng'ata kidole. Shangazi hukisimulia kisa hiki akicheka mpaka machozi. Wasifu unatakiwa uwe na kisa cha utotoni, na mimi sikupewa kingine.

Alisoma katika shule ya msingi ya kiwanda kuanzia mwaka 1954 hadi 1961. Hesabu aliziweza, mwandiko wake haukusomeka, na kuhusu adabu, ripoti zake nimeziona, naomba tuziache kabatini. Sataranji alifundishwa na mwalimu wake wa hesabu, mtu mwembamba aliyefikiri polepole na kutafuna penseli. Marehemu alimpa jina la Konokono. Likashika darasa zima, likavuka ukuta, na mwishowe mke wa mwalimu mwenyewe alisikika akimwita hivyo mbele za watu.

Kwa miaka mitatu mwanafunzi hakumshinda mwalimu hata mara moja. Halafu akagundua kwamba mwalimu ana saa ya mashindano, ile yenye nyuso mbili, ambayo ukimaliza hatua yako unabonyeza upande wako na dakika za mwenzako zinaanza kuliwa. Akamwambia, "Mwalimu, tucheze kila mtu dakika tatu." Mwalimu, kwa wema wake, akakubali. Alasiri ile, mbele ya darasa zima, mwalimu alishindwa mara kumi na moja. Michezo mingi alikuwa na kete nyingi zaidi, mingine alikuwa amebakiza hatua moja tu amfunge mfalme wa mtoto, lakini dakika zikamwishia na penseli mdomoni. Baada ya mchezo wa kumi na moja aliisukuma saa upande wa pili wa meza, akasema haihitaji tena. Marehemu aliipokea kwa mikono miwili. Maisha yake yote alikisimulia kisa hiki kama mtu anayesimulia siku ya kupata cheti.

Mwaka 1962 alianza kujifunza unyozi kwa kinyozi aliyekuwa mkabala na mahakama. Wembe siku hizo ulifungwa kwa vipande vya magazeti ya zamani, na mwaka 1969 alipofungua pakiti moja alikuta nusu ya ukurasa wa sataranji. Ilikuwa nusu ya juu. Ilieleza namna ya kuanza mchezo kwa kumtoa farasi mzima kafara katika hatua ya nne, ikaliita jambo hilo shambulio la kutisha, ikasema wengi wamenaswa, halafu karatasi ikachanika. Nusu ya chini, ambayo bila shaka ilieleza kwa nini mtu mwenye akili zake hafanyi hivyo, ilikuwa imefunga wembe wa mtu mwingine. Marehemu hakuitafuta. Nusu yake aliitia kwenye fremu, na alipofungua duka lake mwenyewe tarehe 1 Februari 1971 aliitundika juu ya kioo, mahali ambapo wenzake huweka leseni.

Duka lilikuwa chumba kimoja: viti viwili, kimoja hakizunguki, kioo chenye ufa, benchi la wateja, na dirishani meza ya sataranji. Kwa wasiocheza nieleze, si jambo gumu. Kila upande una farasi wawili, na farasi ni mali. Askari ni kitu kidogo, wako wanane. Katika hatua ya nne marehemu alikuwa anamrusha farasi wake katikati, anamla askari mmoja anayelindwa, na kusema kwa sauti, "Chukua!" Ndiyo maana mji mzima ulimwita Chukua. Unamchukua, maana ni wa bure. Hapo askari wake wawili wa katikati wanaanza kukimbia mbele, mmoja anamfukuza farasi wako huyu, mwingine anamfukuza yule, na wewe uliyepewa mali unajikuta unarudi kinyumenyume huku umeishika. Ukipata jioni nzima ya kufikiri utatulia, utajipanga, na farasi wake aliyempoteza atamuuma mpaka mwisho. Ni mwanzo mbovu. Lakini marehemu hakumpa mtu jioni. Alimpa dakika tatu, na katika dakika hizo tatu mdomo wake haukufungwa. "Mbona jasho? Si nimekupa farasi? Nimekudhulumu nini? Mwiteni mkewe aje amchukue."

Sheria ya dukani ilikuwa fupi. Ukishinda, unanyolewa unavyotaka. Ukishindwa, unanyolewa anavyotaka kinyozi. Mwalimu mkuu mmoja alirudi shuleni na nusu ya sharubu. Bwana harusi mmoja, ambaye namwona pale nyuma na kofia yake, aliingia asubuhi ya harusi na nywele kichwa kizima, akatoka na upara wenye kisiwa kimoja juu ya sikio la kushoto. Picha za harusi ile hazijatundikwa mpaka leo. Mtauliza watu walifuata nini pale. Walikwenda kutazama wenzao. Benchi lilikuwa halina nafasi siku ya Jumamosi, na kila aliyekaa aliomba Mungu ampitishe, amfikie wa pembeni yake.

Mama yangu, mjane mnayemwona mstari wa mbele, aliingia dukani tarehe 6 Mei 1972 kwa shari. Alikuwa karani wa posta. Kaka yake alikuwa amerudi nyumbani na kichwa cha ajabu na akakataa kwenda kazini wiki nzima.

"Nani kamfanya ndugu yangu vile?" mama aliuliza akiwa mlangoni.

"Kaa ucheze," marehemu alimjibu. "Ukishinda, nitamwomba radhi."

Akakaa. Ikafika hatua ya nne, marehemu akarusha farasi, akasema, "Chukua!" Mama akamtazama farasi, akamtazama mwenye farasi, akasema, "Wa nini? Sina shida naye." Akacheza kitu kingine. Wateja wanasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona marehemu amekaa kimya. Mama alishindwa vilevile, dakika zilimwishia, lakini hakunyolewa. Siku hiyo marehemu alifunga duka saa kumi akamsindikiza mpaka posta. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1973. Mama husema kwamba yeye farasi alimkataa vizuri kabisa, kosa lake ni kumkubali mwenye farasi. Hayo ni maneno yake, msinitolee macho mimi. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1974 na mdogo wangu mwaka 1979.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ilitaka nivuke.

Nilipokuwa na miaka kumi na nne nilikuwa kwenye timu ya sataranji ya shule, ubao wa pili, yaani mchezaji wa pili kwa uwezo. Marehemu hakunifundisha. Nilijifunza kwa kumtazama, na kwa kukaa na mwanzo wake wiki tatu kwenye meza ya jikoni, mama akichambua maharage upande mmoja na mimi na kete upande wa pili. Jibu nililipata Jumatano moja. Usikimbie. Askari wake anapomfukuza farasi wako, mwache farasi aliwe. Mrudishie alichokupa. Wewe toa askofu wako, ile kete inayokwenda mshazari, kisha farasi wako wa pili amle askari wake wa katikati. Kwa kete mko sawasawa, na vitisho vyote vimekwisha, na mfalme wake amebaki wazi kama choo cha stendi. Nilimwonyesha mama. Aliangalia ubao muda mrefu, akaniambia, "Usimchezee huo dukani." Nami nikaenda kumchezea dukani.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 11 Juni 1988, saa tisa na robo alasiri. Benchini walikuwepo wanaume sita. Marehemu alikuwa na furaha, akasema haya, mtoto wa nyoka naye aonje. Akarusha farasi. "Chukua!" Nikamchukua. Askari wake akaja mbio, nami nikamwacha farasi wangu pale pale. Akamla, akacheka, halafu kicheko kikakatika njiani. Katika hatua ya kumi na tisa mfalme wake hakuwa na pa kwenda. Saa yake ilikuwa imebakiza dakika moja na sekunde kumi, kwa hiyo hata visingizio vya muda hakuwa navyo. Mtu mmoja benchini alisema, "Lo! Kamfunga mzee!" kisha akajifanya anakohoa.

Marehemu aliutazama ubao. Akasema, "Hatua ya saba hukubonyeza saa."

"Nilibonyeza, baba."

"Hukubonyeza. Mchezo umeharibika. Na mchezo ulioharibika kashindwa aliyeuharibu. Kaa kwenye kiti."

Nilikaa. Nilikuwa na miaka kumi na nne, na yeye alikuwa baba yangu. Alinifunga kitambaa shingoni, akachukua mashine, akapitisha mara moja tu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Njia moja, pana kama vidole viwili, katikati ya nywele zangu. Akakung'uta kitambaa, akasema, "Anayefuata." Wanaume sita wakacheka. Wanne kati yao wapo hapa leo, wazima wa afya, na mmoja amebeba jeneza. Nilitembea kutoka dukani mpaka nyumbani nikiwa hivyo, alasiri ya Jumamosi, barabara imejaa watu.

Mama alinimalizia kwa mkasi. Alikata mpaka nywele zote zilipokuwa chini. Ndipo aliposema, "Angenyoa kote ningemsamehe."

Jumatatu yake palikuwa na mashindano ya shule zote. Sikwenda. Msichana wa akiba alikalia ubao wa pili. Kete sikuzigusa tena, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, maana walioona waliona na wasioona walisimuliwa.

Toka siku ile nilitaka kitu kimoja tu kwa marehemu, na kila mtu wa nyumba yetu alikijua. Nilitaka aseme nilimshinda. Neno moja, hata chooni, hata kwa kunong'ona. Mwaka 1993, naondoka kwenda chuoni, mabegi yako mlangoni, nilimwambia, "Baba, sema tu. Nilikushinda." Akasema, "Saa haikubonyezwa." Mwaka 1999, siku ya harusi yangu, alipopewa kipaza sauti aseme neno la mzazi, alisema binti yake ni mke mwema lakini hajui hata farasi anavyoruka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mume wangu alinishika mkono chini ya meza, akaubana sana, maana alinijua. Mwaka 2006 nilimpelekea uchambuzi wa kurasa mbili niliounakili kwenye maktaba, ule mwanzo wake hatua kwa hatua, na jibu langu lile lile la jikoni likiwa limeandikwa kwa wino mweusi na watu wasionijua. Ndiyo nusu yako ya chini, nilimwambia. Aliupokea, akainama, akazolea nywele zilizofagiliwa, akatupa.

Mimi kwa kazi ni mkaguzi wa mizani. Naingia dukani kwa watu na kuwaambia kwamba kilo yao si kilo. Shangazi husema nimerithi roho ya baba. Sikatai. Kurithi si kupenda.

Mwezi Oktoba 2018 mkono wa marehemu ulianza kutetemeka, na siku moja alimkata mteja ncha ya sikio. Alifunga duka siku hiyo hiyo na hakulifungua tena. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema moyo umepanuka. Nilijizuia kucheka walipotuambia hivyo, na mdogo wangu alinikanyaga mguu. Tarehe 25 Februari 2019 alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha linalotazama matangi ya maji. Nilimtembelea kila siku saa ya kuona wagonjwa. Nilimnawisha, nilimlisha uji, nilimkata kucha za miguu. Watu walinisifu kwa hilo. Wasichojua ni kwamba kila siku nilikuwa nangoja.

Jumapili tarehe 10 Machi nilimpelekea ubao. Alipouona alijiinua kwenye mto.

"Saa iko wapi?"

"Hakuna saa."

"Bila saa ni kazi ya makarani."

"Basi leo utakuwa karani, baba."

Nilimpa kete nyeupe, ili aanze yeye. Hatua ya kwanza ile ile. Ya pili ile ile. Ya tatu ile ile. Nilikuwa na jibu, nilikuwa na muda wote wa dunia, na vitanda vya kumi na kumi na mbili vilikuwa macho vikitazama. Ikafika ya nne. Mkono wake ulielea juu ya farasi. Ukakaa pale. Kisha ukahama, ukamtoa askofu, hatua ya adabu kabisa, kama inavyofundishwa kwa watoto.

Sikuwa nimejiandaa. Miaka thelathini na miezi tisa nilijiandaa kwa hatua moja, naye hakuicheza. Alicheza kama Konokono. Alificha mfalme wake, akapanga askari wake, akafikiri, akanywa maji, akafikiri tena. Saa mbili nzima. Mwishoni tulibaki na wafalme wetu na yeye ana askari mmoja zaidi, na huyo mmoja akatembea mpaka mwisho wa ubao, akageuka malkia. Alinishinda kihalali. Vitanda vya jirani vilipiga makofi.

Marehemu alijilaza, akafumba macho, akasema, "Una jicho. Ungeendelea kucheza ungefika mbali."

Nilimchukia. Nasema hapa, mbele ya jeneza lake na mbele ya mama yangu: dakika ile nilimchukia kuliko nilivyomchukia na njia ile kichwani. Nilikusanya kete moja moja nikaondoka bila kumuaga.

Jumatatu aliniuliza, "Ubao uko wapi?" Nikamwambia daktari amekataza. Daktari hakukataza chochote. Jumanne akasema, "Mmoja tu. Mfupi." Nikamwambia daktari amekataza. Jumatano pumzi ilikuwa imempungukia sana, hakuweza kusema maneno matatu bila kupumzika, akamtuma muuguzi anifuate koridoni.

"Dada, mzee anaomba ubao," muuguzi alisema. "Anasema mchezo wenyewe hauchukui hata dakika tano. Amesema na mimi niwepo."

"Mwambie saa haikubonyezwa," nilimjibu.

"Saa gani?"

"Wewe mwambie tu hivyo. Ataelewa."

Alikwenda akamwambia. Nilichungulia kutoka mlangoni. Nilimwona baba yangu akisikiliza, halafu akageuzia uso ukutani. Nilifurahi, jamani. Nilishuka kwenye kantini nikala chakula cha mchana nikamaliza sahani.

Alhamisi tarehe 14 Machi 2019 nilifika wodini saa nne na dakika arobaini na tano asubuhi, mikono mitupu. Marehemu alikuwa amefariki dakika tano kabla. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Muuguzi yule yule ndiye aliyenikabidhi vitu vyake: miwani, kandambili, na shuka la nyumbani. Nilipokuwa natia sahihi kwenye daftari la wodi alisema, "Ule ujumbe wako wa jana, dada. Ulipoondoka, mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema amestahili."

Nikamuuliza, "Alisema nini kingine?"

"Alisema Jumapili aliogopa. Kwamba safari hii alitaka akuchezee ule wake wa farasi, umfunge, na mimi nikiwa nimekaa pale. Alitaka awepo mtu wa kuona, ili akisema umemshinda, asiweze kukana." Kisha akaniuliza, "Kwani mlikuwa mnagombania nini?"

Nikamwambia mchezo. Nikamalizia kutia sahihi.

Baba huyu! Hata kushindwa alitaka apange yeye siku, kitanda na shahidi. Nimekasirika tangu Alhamisi, sijui nimkasirikie nani, nimemkasirikia mpaka mpiga chapa. Lakini niwaambie kweli, kwa kuwa ndiyo nafasi ninayopata. Ningemchukua yule farasi. Ningemchukua, ningemrudishia, ningemfunga kwa hatua kumi na tisa mbele ya muuguzi na wagonjwa wote, naye angesema. Alikuwa tayari kusema siku tatu mfululizo. Mimi ndiye niliyekataa kuleta ubao.

Marehemu ameacha mjane mmoja, dada yake, watoto wawili, wajukuu watatu, na vichwa vingi mji mzima ambavyo nywele zake, namshukuru Mungu, zilishaota. Mungu ampe amani aliyotunyima sisi, na ile niliyomnyima mimi Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Apumzike nayo.